Yangeyange Aliyeoshwa

Tarehe 2 Februari

Mpwa wangu Chiriku,

Hujambo na pilikapilika za studio? Mama yako hajambo. Jana alinipitia akanilalamikia kwamba humpigii simu mpaka uwe na homa. Baba yako naye hajambo, nadhani. Tangu nilipoanza kuandika malalamiko juu ya kiwanda cha ngozi, shemeji akiniona njiani hukumbuka kitu alichosahau nyumbani. Simlaumu. Msimamizi wa zamu hawezi kukata tawi alilokalia.

Ndani ya bahasha hii mna kadi ya kamera. Nimemkabidhi dereva wa basi la asubuhi, maana mtandao wa huku ukiubebesha picha moja hulala nayo njiani. Wiki ijayo kamati ya maji inakaa kuamua kama bomba la kiwanda linalomwaga bwawani lifungwe au liachwe. Unajua kwamba visima vyote vya mtaa wa chini hupata maji yake kutoka bwawa hilo. Nataka kwenda na picha moja tu, kubwa, ya kutundikwa ukutani.

Nimempiga picha yangeyange, yule ndege wa bwawani. Yangeyange ni mtihani, kwa hiyo nisikilize. Yeye ni mweupe pe, na nyuma yake kuna matete yenye kivuli cheusi. Kamera ni mtumishi mwenye bidii asiye na akili: inaamini kwamba kila kitu duniani kikichanganywa kitatoka kijivu. Ikikuta weusi mwingi hudhani jua linazama, hukaribisha mwanga zaidi, na ndege anaungua. Ukimtazama kwenye kioo kidogo anang'aa, unafurahi. Ukimkuza, hana hata unyoya mmoja. Amekuwa kipande cha karatasi chenye mdomo. Weupe ukishaungua ni maji yaliyomwagika, hayazoleki. Giza ni jambo jingine. Mwanga mchache uliokwisha kuingia unaweza kuinuliwa baadaye, japo utapanda na chenga zake. Ndiyo maana nilipunguza mwanga hatua moja na nusu, nikatazama grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera, nikahakikisha kilima chake hakigusi ukuta wa kulia, ambako weupe huungua. Utaziona zina kiza. Ni kiza cha makusudi.

Picha ya tatu kutoka mwisho ndiyo yenyewe. Sikuelezi inasema nini, maana picha inayohitaji mkalimani imeshindwa kazi. Giza la nyuma liache lilivyo, ndege ndiye hoja. Nisafishie kwa ukubwa wa bango, uiviringishe vizuri isivunjike, umpe dereva yuleyule.

Mjomba wako

*

Tarehe 7 Februari

Shikamoo Mjomba,

Kadi ilifika salama, dereva wako ana adabu kuliko bosi wangu. Picha imo ndani ya kasha refu la karatasi, naomba radhi kwa kuchelewa. Wiki nzima tulikuwa na maharusi, na kila bibi harusi anataka pua isiyo yake.

Nimeisafisha kisawasawa, utaipenda. Nimemkata pembeni kidogo ili matete yasimmeze, nimemwongezea mwanga (usinigombeze, kidogo tu, na hajaungua), na nimemshughulikia unyoya kwa unyoya mchana kutwa. Bosi alipita nyuma yangu akauliza, "Huyo naye anaolewa lini?" Nikamwambia anakwenda kwenye kamati. Akasema basi atashinda, maana kamati nzima haina mtu msafi hivyo.

Kila la heri. Wakishafunga bomba nitakuja unionyeshe mahali unapojificha.

Chiriku

*

Tarehe 12 Februari

Kwako,

Sikuamkii na wala usiniamkie.

Basi lilifika asubuhi ya kikao chenyewe. Nilipokea kasha kwa dereva, nikaenda nalo kwapani moja kwa moja hadi ukumbini, sikulifungua, kwa sababu nilimwamini aliyelifunga. Hilo ndilo kosa langu. Nilisimama mbele ya watu, nikawaambia kwamba maneno yangu wameyasikia vya kutosha, sasa watazame. Nikatandaza. Mimi nilikuwa nyuma ya picha nimeishika kwa mikono miwili, kwa hiyo niliona nyuso zao kabla sijaiona.

Msemaji wa kiwanda, kijana wa tai na viatu vinavyomeremeta, alisimama taratibu.

"Huyu ndege alikuwa wapi, Mwalimu?"

"Bwawani," nikasema. "Hatua chache kutoka mdomo wa bomba lenu."

"Una hakika?"

"Kama ninavyokuona."

"Basi, Mwenyekiti, sina swali. Shati langu hili mke wangu analiloweka siku mbili na bado halijafikia weupe huo. Tunamshukuru Mwalimu kwa kutuletea ushahidi wetu."

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti akapiga meza, akaniuliza kama nimeleta ushahidi au tangazo la sabuni, wakacheka tena. Ndipo nikaigeuza picha nikaona. Ndege yule alikuwa na doa la hudhurungi kutoka shingoni hadi tumboni, manyoya yameganda kama brashi iliyosahauliwa kwenye rangi. Hilo ndilo nililolala kwenye tope kulipiga. Hilo ndilo nililopunguza mwanga nisiliunguze. Kwenye picha yako halipo. Mama mmoja wa mtaa wa chini alikuwa amekuja na chupa ya maji ya kisima chake, ameishika mapajani akingoja zamu. Aliirudisha kwenye mkoba bila kumwonyesha mtu.

Kikao kimeahirishwa hadi mwisho wa mwezi, kwa huruma tu ya mwenyekiti, ambaye nilimfundisha sayansi.

Najiuliza swali moja, na jibu lake silipendi. Doa haliondoki kwa bahati mbaya. Umesema mwenyewe, unyoya kwa unyoya, mchana kutwa. Mtu hafanyi kazi ya namna hiyo bila sababu, na sababu ninayoijua mimi inaamka kila asubuhi kwenda kiwandani na kurudi na mshahara uliokusomesha. Damu nzito kuliko maji, hata yakiwa maji ya bwawa. Ungeniambia tu kwamba huwezi. Ningetafuta studio nyingine.

Nirudishie kadi yangu.

Mwalimu

*

Tarehe 15 Februari

Shikamoo,

Nakuamkia kwa sababu mama alinilea hivyo, na wewe ulimsaidia. Zaidi ya hapo usitarajie adabu katika barua hii.

Ninayo barua yako hapa. Umeandika: *Nisafishie kwa ukubwa wa bango.* Nisafishie. Mjomba, unajua neno hilo lina maana gani mahali ninapofanya kazi? Mteja akisema "nisafishie" anataka chunusi iondoke, nguzo ya umeme itoke kichwani kwa babu, jasho likauke. Ni kazi yangu kuanzia asubuhi hadi jioni, nasafisha. Kumbe wewe ulikuwa unazungumza lugha ya vyumba vya giza, mabeseni ya dawa na filamu zilizoanikwa kwenye kamba, enzi ambazo kusafisha picha kulikuwa kuitoa tu ionekane. Watu wa siku hizi husema kuchapa. Ulitaka nichape. Ukaniambia nisafishe. Nikasafisha.

Ulinieleza habari za kijivu kana kwamba niko darasani kwako. Ulinieleza grafu, ukuta wa kulia, chenga. Jambo moja tu hukulieleza: kwamba ndege ana doa na doa ndilo neno lako. Eti picha isihitaji mkalimani. Mimi nilidhani unataka wajumbe waone uzuri watakaoupoteza. Nilidhani ni tope. Nani atamhurumia ndege mwenye tope?

Na kwa kuwa leo tunaambiana, pokea na hili. Picha zako zote tangu uliponunua kamera hii zinakuja na kiza, na kila mara mimi huziinua kabla ya kuzichapa. Mwewe aliyetundikwa maktaba, anayekufanya usimamishwe njiani na kupongezwa, alifika kwangu kama kipande cha mkaa. Sikukwambia kwa sababu nilidhani ni macho. Nilikuwa nakusitiri. Sasa naona nilikuwa napalilia kiburi.

Kuhusu baba. Hajaniambia neno lolote, hajui hata kama ulinitumia kadi. Umemkosea, na umenikosea mimi vibaya zaidi.

Nilipoisoma barua yako nililifungua upya faili lako ghafi, lile lililotoka kamerani kabla sijaligusa, maana sifuti kitu. Doa lipo lote, lina kila uzi wa unyoya. Hapo kweli ulipima vizuri, nakupa haki yako. Lakini safari hii sikumkata ndege. Niliiacha picha nzima, na kwa hasira nikainua giza la nyuma hadi mwisho, lile uliloniambia niliache lilivyo. Lilipanda na chenga zake kama ulivyosema. Matete yakatokea. Nyuma ya matete kuna bomba, na juu ya bomba kuna gurudumu la koki, na ameinama mtu analizungusha. Uso hauonekani vizuri. Lakini ana mkono mmoja wa shati uliokunjwa hadi kwenye kiwiko, na mwingine umeachwa umefungwa kifungo.

Namjua mtu mmoja tu anayevaa shati hivyo, na wewe unamjua.

Wewe uliyenifundisha kwamba giza huinulika: ulimwona?

Mtoto wa baba yake

*

Tarehe 19 Februari

Mpwa wangu,

Nilimwona.

Nilimwona kwa macho yangu, ambayo ni mazima, isipokuwa la kulia. Nilikuwa nimelala kifudifudi, ndege yuko mbele yangu, na shemeji akaja na ufunguo akafungua koki. Maji yakatoka ya rangi ya chai iliyochacha. Ndege hakuruka, amezoea. Nilikuwa na muda mfupi wa kuchagua. Kama ningepima mwanga kwa ajili ya matete, shemeji angeonekana na ndege angeungua. Nikapima kwa ndege. Hatua moja ingetosha kuyaokoa manyoya. Ile nusu niliiongeza kwa ajili ya mama yako.

Sasa umekasirika, kasirika. Lakini nieleze, wewe mwenye akili ya kuinua vivuli: ulitaka nifanye nini? Dada yangu ni mmoja. Ulitaka nimbandike mumewe ukutani mbele ya mtaa mzima, watu wanywe maji ya kisima wakimtazama? Kupiga picha ni kuchagua. Huwezi kupata weupe wote na weusi wote kwa mkupuo mmoja, kifaa hakiruhusu. Nilichagua ndege. Sikusema uongo hata mmoja. Ndege alikuwepo, doa lilikuwepo, giza nalo lilikuwepo.

Kuhusu neno "safisha", ni neno zuri na limetumika kabla hujazaliwa. Hata hivyo nakubali kwamba nililituma peke yake safari ndefu. Nimekuhukumu bila kukuuliza, na hilo nalifuta.

Kuhusu mwewe, nilikwenda maktaba jana nikasimama chini yake. Chini ya bawa kuna mistari ya kahawia ambayo mimi sikuwahi kuiona hata siku nilipompiga. Nilitoka bila kumuaga mkutubi. Ungeniambia. Haifai mtu kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa na mtoto aliyemfundisha mwenyewe kushika kamera. Hilo limenichoma kuliko kicheko cha ukumbini, na sitajifanya halikunichoma.

Sasa fanya hivi. Chapa (nimeandika chapa) ndege peke yake, na doa lake, na mwanga wangu. Kata pembeni kama ulivyokata mwanzo. Giza lifunge. Kikao kiko karibu. Usimwonyeshe mtu faili lile, na baba yako asijue kamwe kwamba lipo.

Mjomba wako

*

Tarehe 23 Februari

Mjomba,

Naandika nikiwa mezani kwa mama, mtaa wa pili kutoka kwako. Nimefika jana. Sikuja kukuamkia na sitakuja leo.

Ulichoniagiza sitakifanya, nami nitakueleza kwa utaratibu, jinsi unavyopenda. Ukipeleka ndege aliyekatwa, yule kijana wa tai atasimama na kusema: wiki ile alikuwa mweupe, leo ana doa, kesho atakuwa na madoadoa, tuonyesheni faili. Atakuwa na haki. Faili likifunguliwa, mtu yeyote mwenye kompyuta atainua giza kama nilivyoinua mimi, na baba ataonekana. Tena ataonekana kama mtu aliyefichwa. Weupe ukiungua umekwenda, ni kweli. Lakini giza lako halikumficha baba, limemweka akiba.

Kwa hiyo nilichapa picha nzima, nikapanda basi, nikaitandaza hapa mezani baada ya chakula cha mchana.

Mama aliangalia kidogo akainuka, akaenda jikoni kuosha sufuria iliyokuwa safi. Baba alivaa miwani. Alianza na ndege.

"Huyu namjua," akasema. "Huwa ananingoja. Nikifungua maji, vidudu vinatoka, anakula."

Halafu kidole chake kikapita kwenye matete kikasimama. Nikasikia mama amefunga maji ya jikoni ili asikilize.

"Nani amepiga?"

"Mjomba."

"Na aliyenitoa kwenye kiza?"

"Mimi."

"Mkono ni wangu," akasema. "Ila aliyenipa ufunguo hayumo kwenye picha."

"Anaweza kuingia?"

"Akitajwa, ataingia."

Nilidhani hapo pameisha. Lakini aliitazama tena, akauliza kama wewe ulijua ni yeye. Sikuwa na uongo wa kumpa. Nikamwambia ulijua, na kwamba ulipunguza mwanga ili asionekane. Mjomba, nimeishi na baba miaka yangu yote na sijapata kumwona vile. Hakupaza sauti. Alivua miwani akaiweka juu ya picha.

"Anayefichwa ni mwizi," akasema. "Mimi nilikuwa kazini. Ananikwepa njiani kama dimbwi, kumbe ananistiri. Nani alimwomba? Angeniuliza neno moja: shemeji, nani anakutuma? Ningemjibu siku hiyo hiyo. Nimengoja mtu aniulize tangu maji yalipobadilika rangi."

Mama akatoka jikoni na kitambaa mkononi. "Kaka yangu anasema wewe ndiye unayemkwepa."

"Kaka yako anasema mengi. Ni mwalimu."

"Na kazi? Wakikufukuza tutakula nini?"

"Tulikuwa tunakula kabla ya kiwanda."

"Tulikuwa tunakula vibaya."

"Basi tutakula vibaya," baba akasema, "lakini maji tutakunywa mazuri."

Mama hajafurahi. Amenisema usiku na amenisema asubuhi, kwamba ningekaa mjini na mabibi harusi wangu. Ana haki, na hasira zake nazo nakuandikia hapa ujue kwamba ni zako na zangu nusu kwa nusu. Leo alfajiri nilimkuta anapiga pasi shati la baba la kuendea kikaoni. Aliponiona akasema hajapiga kwa ajili yangu.

Hivi ndivyo itakavyokuwa. Picha ni hiyo nzima: ndege, doa, matete, bomba, koki na mtu. Manyoya yamebaki kwa mwanga wako, sikuyagusa. Giza limeinuliwa kwa kiasi, na chenga nimeziacha, mtu akiuliza ajue mahali nilipoinua. Faili ghafi nitakuja nalo kwenye kompyuta yangu, alitakaye tulifungue mbele ya wote. Wewe utaeleza mwanga, kwa kuwa hakuna anayeeleza kama wewe. Mimi nitaeleza jinsi nilivyolifuta doa mara ya kwanza, na neno lililonifanya nilifute, wacheke wakitaka. Baba atasimama kando ya picha na kusema ni nani anayetunza ufunguo.

Bado nina hasira nawe. Zitakapoisha nitakuja mwenyewe, usinitumie mtu.

Anayekuletea barua hii ni baba, na picha ameishika yeye. Nilitaka nikupigie simu nikuarifu, akakataa. Ana hasira kuliko mimi, na njia nzima atakuwa anapanga maneno. Mfungulie.

Mpwa wako